Miwani ya kuogelea kuchomoka wakati wa kuchupa: kosa ni la mkanda au ni la kichwa?

Mzazi_wa_Nguba (Bukavu)
Wakubwa na wadogo, salamu. Binti yangu ana miaka 13 na anashindana mita 50 na mita 100 kwa mtindo huru. Mwezi uliopita alishiriki mashindano madogo ya vijana, na mara zote tatu alizochupa miwani haikukaa mahali pake. Mara ya kwanza ilijaa maji, mara ya pili ilishuka mpaka mdomoni, na mara ya tatu ilimteremkia shingoni, akaogelea mita zote 50 macho yamefumbwa hadi akagonga ukuta kwa vidole. Muuzaji aliniambia kwamba mkanda ulikuwa umelegea, nami nikaukaza kiasi kwamba alama nyekundu kuzunguka macho ya mtoto zilikuwa bado zinaonekana jioni tulipokaa kula. Jumamosi iliyofuata akachupa tena, na miwani ikachomoka vilevile. Ndiyo maana nimeanza kuamini kwamba tunausingizia mkanda, na kwamba kosa liko katika namna mtoto anavyoingia majini. Naomba mwenye uzoefu anithibitishie au anipinge.

Kocha_Himbi (Goma)
Papa, umeona sawasawa. Katika watoto ninaowafundisha, karibu kila anayepoteza miwani ni yule anayeinua kidevu kabla ya kugusa maji, kwa sababu anataka kuona anakokwenda. Mikono inapaswa kuwa imenyooka, kiganja kimoja juu ya kingine, misuli ya juu ya mikono ikibana nyuma ya masikio, macho yakitazama chini na nyuma kidogo. Mikono ikitangulia hivyo, inayafungua maji na kichwa kinapita katika tundu lilelile. Kidevu kikiinuka, maji yanakutana na uso mtupu, na miwani ndiyo inayopokea pigo la kwanza. Mwombe mtu asimame ubavuni mwa bwawa amchukue video kwa simu, kisha muitazame polepole, picha moja baada ya nyingine.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Kwa heshima zote, kocha, mimi siafiki kwamba mkanda hauna neno. Tatizo la mzazi huyu ni kwamba aliukaza tu bila kuuliza umekaa wapi. Mkanda unaopita chini, usawa wa shingo, unavuta miwani kwenda chini hata kabla mtoto hajaruka. Unatakiwa upite juu ya masikio na kufika sehemu ya juu ya kisogo, na kama umegawanyika mara mbili, sehemu moja ikae juu na nyingine chini yake, ziachane kama vidole viwili. Tena mkanda uliokazwa kupita kiasi unakunja ukingo wa silikoni, na ukingo uliokunjwa hauzibi: pembe ya nje inainuka kidogo na maji yanapita hapo. Hizo alama nyekundu ulizoziona jioni ndizo ushahidi wangu.

Sambaza_wa_Kivu (Goma)
Mnagombana bure. Hata Michael Phelps, yule mwogeleaji Mmarekani, miwani ilimvuka katika fainali ya mita 100 kwa mtindo wa kipepeo huko Beijing na akashinda. Kama bingwa wa dunia yalimpata, mtoto wa miaka 13 asilaumiwe.

Mwalimu_wa_Fizikia (Bukavu)
Ndugu Sambaza, nakusahihisha mambo mawili. Zilikuwa mita 200 kipepeo, katika Olimpiki ya mwaka 2008, na miwani haikumvuka bali ilijaa maji hadi akashindwa kuuona ukuta. Alimaliza kwa kuhesabu mapigo ya mikono, akapata dhahabu na rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 52.03. Tofauti hiyo ina maana kwetu hapa, kwa sababu kuvuja ni jambo moja na kuchomoka ni jambo jingine, na mzazi aliyeanzisha uzi ametaja yote mawili kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

Sasa hesabu. Mwili ulioshuka mita 1.25 tu umekwisha kufikia mwendo wa mita 5 kwa sekunde ukielekea chini. Maji yanayokutana na kitu kwa mwendo huo yanakisukuma kwa shinikizo la kilopaskali 12.5 hivi, ambalo ni sawa na shinikizo la kuzama mita 1.27. Shinikizo hilo likija moja kwa moja mbele ya kioo linaigandamiza miwani usoni, na hapo halina madhara. Linaloiondoa ni maji yanayopita kutoka paji la uso kwenda kidevuni, kwa sababu yanakuta ukingo wa juu wa miwani umejitokeza na kuuburuta kwenda chini. Kichwa kikiwa kati ya mikono, ukingo huo unajificha. Kikiinuka nusunusu, unabaki wazi. Kwa hiyo kocha ana haki, ingawa sababu aliyoitoa, ya pigo la mbele, sikubaliani nayo.

Sambaza_wa_Kivu (Goma)
Asante, mwalimu, nimekubali kusahihishwa kuhusu umbali. Lakini nauliza: je, urefu wa miji yetu kutoka baharini hauna mchango? Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Miwani iliyotengenezwa kwa watu wa pwani huenda hainyonyi vizuri huku kwetu.

Mwalimu_wa_Fizikia (Bukavu)
Swali ni zuri, lakini jibu ni hapana. Hewa iliyo ndani ya miwani ni hewa ya hapahapa Bukavu, uliyoifungia ndani ulipoivaa, na iliyo nje ni hiyohiyo. Mnyonyo unatokana na kuisukuma nje hewa kidogo unapobonyeza vikombe vya miwani kwa viganja, si kutokana na kiwanda kilipo.

Mama_Wawili (Goma)
Ndugu zangu wanaume, mmezungumza habari za shinikizo na vidole viwili vya mkanda, na hakuna aliyeuliza mtoto amesuka vipi! Binti zangu wawili wanaogelea, na niliteseka mwaka mzima kabla sijaelewa. Rasta zikifungwa juu ya kisogo zinafanya mlima ndani ya kofia, na mkanda hauna mahali pa kushika: unapanda juu ya mlima au unateleza chini yake. Nilipowasuka mistari inayolala kichwani, inayotoka mbele kwenda nyuma, mkanda ulitulia siku hiyohiyo. Wenye nywele nyingi wanahitaji kofia kubwa, na hilo halikuwa jambo dogo hata duniani: kofia za Soul Cap za Uingereza zilikataliwa na shirikisho la kimataifa la kuogelea mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, na zikaja kuidhinishwa mwaka 2022.

Mzazi_wa_Nguba (Bukavu)
Asanteni sana. Mama Wawili, binti yangu amesuka rasta, na kweli huzifunga fundo juu ya kisogo. Sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Kocha, nimemchukua video kama ulivyoagiza. Nikiitazama polepole naona vidole vinagusa maji, kisha kabla viwiko havijazama kidevu chake kinachungulia mbele, mara moja tu, kama mtu anayefungua mlango kidogo ili aone nani amebisha. Miwani inaanza kushuka hapohapo. Lakini katika video hiyohiyo mkanda uko chini ya lile fundo la rasta, karibu na shingo, kwa hiyo Fundi naye anaweza kusema ameshinda.

Kocha_Himbi (Goma)
Hiyo picha ya kidevu kinachochungulia naifahamu kama sura ya ndugu yangu. Nakuuliza swali moja: bwawa mnalofanyia mazoezi lina kina gani mahali anapochupia?

Mzazi_wa_Nguba (Bukavu)
Ni bwawa la hoteli, halina vibao vya kuanzia. Anarukia ukingoni, upande ambao maji yanamfika kifuani.

Kocha_Himbi (Goma)
Papa, tafadhali simamisha mazoezi ya kuchupa upande huo leo hii, na hili naliomba kabla ya habari yoyote ya miwani. Kanuni za kimataifa zinataka bwawa lenye vibao vya kuanzia liwe na kina kisichopungua mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi angalau mita 6 kutoka ukutani, na vibao vyenyewe viwe na kimo cha sentimita 50 hadi 75 juu ya maji. Maji ya kifuani kwa mtoto wa miaka 13 hayafiki hapo. Ukingo ni mfupi kuliko kibao, ni kweli, lakini shingo ya mtoto haijui hesabu hiyo. Tena hapo ndipo napata jibu la kidevu: mtoto anaiona sakafu karibu, mwili wake unaogopa, na kichwa kinainuka chenyewe ili asiigonge. Hutamponya kidevu kwa kumkaripia. Mpeleke upande wenye kina, aanze kwa kukaa ukingoni na kuteleza, kisha kupiga goti moja, kisha kusimama.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Kuhusu kina naungana na kocha bila masharti. Kuhusu kidevu, kocha wangu, nahisi hata mvua ikinyesha Goma utasema ni kidevu! Nina mfano. Mdogo wangu anaogelea mgongo, na miwani yake haijawahi kutoka. Akibadilisha kwenda mtindo huru, kwa miwani ileile na mkanda uleule, inatoka. Nilipompandishia mkanda juu na kumvalisha kofia mbili, ya kwanza chini, miwani katikati, ya pili juu ya mkanda, ikaacha kutoka. Kichwa chake sikukigusa.

Mwalimu_wa_Fizikia (Bukavu)
Mfano wako unakupinga mwenyewe kwa nusu, ndugu Fundi. Mbio za mgongo zinaanzia ndani ya maji. Mwogeleaji ameshika vishikio, haanguki kutoka juu, na anaingia uso ukitazama juu. Kama mkanda ungekuwa ndio sababu peke yake, ungeshindwa katika mitindo yote.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Na kama kichwa kingekuwa ndicho sababu peke yake, kofia mbili zisingesaidia kitu. Zimesaidia.

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Naomba niongezee kuhusu kofia mbili, kwa sababu niliwahi kushindana. Zinasaidia, lakini kofia ya juu ikiwa ya silikoni nene na ya chini ni laini sana, kofia ya juu inaweza kuteleza na kuubeba mkanda pamoja nayo. Mimi nilivaa ya chini ya mpira mwembamba, kisha miwani, kisha ya silikoni juu, na ukingo wa mbele wa kofia ya juu niliushusha ukagusa sehemu ya juu ya vikombe vya miwani, ili maji yasipate pa kuingiza kidole. Na kitu kingine hakijatajwa: mafuta. Sisi wote tunawapaka watoto mafuta ya mgando asubuhi ili ngozi isipauke, kisha tunashangaa silikoni inateleza usoni. Siku ya mashindano uso uoshwe kwa sabuni na ukaushwe, na mafuta yasubiri jioni.

Ndugu zangu, kuna jaribio moja ambalo halina gharama. Chukua miwani, uiweke machoni bila kuvaa mkanda, ubonyeze taratibu, kisha uachilie. Ikikaa yenyewe sekunde chache, inakufaa. Ikidondoka mara moja, hakuna mkanda wala kidevu kitakachoiokoa, kwa sababu umbo lake si la uso wako.

Mzazi_wa_Nguba (Bukavu)
Yaya, nimemfanyia binti yangu jaribio hilo sasa hivi sebuleni. Kikombe cha kulia kinashika. Cha kushoto kinadondoka kabla sijamaliza kutoa mkono, na nikiangalia kwa karibu naona ukingo wake wa ndani, upande wa pua, haugusi ngozi: kuna nafasi ndogo kama unene wa njiti ya kiberiti. Miwani niliinunua kwa dola 4 sokoni.

Muuza_Vifaa (Goma)
Hiyo nafasi upande wa pua ni kazi ya daraja, yaani kile kipande kinachounganisha vikombe viwili. Miwani mingi ya mashindano inauzwa na madaraja matatu ya ukubwa tofauti ndani ya boksi, lakini wauzaji wengi hawayatoi, au yamekwisha kupotea kabla miwani haijafika kwetu. Daraja likiwa fupi, vikombe vinapanda juu ya mfupa wa pua. Likiwa refu, vinakwenda mbali na pua na kuacha nafasi kama hiyo uliyoiona. Kwa miwani ya daraja lisilobadilishwa huna la kufanya.

Wenye subira wajaribu ile miwani ya Kiswidi. Haina mpira wa pembeni kabisa, ni plastiki tupu, na unaiunganisha mwenyewe kwa uzi kwenye pua, kwa hiyo unachagua urefu wa daraja kwa milimita. Inaingia ndani ya tundu la jicho, na maji hayapati ukingo wa kuuvuta.

Mama_Wawili (Goma)
Plastiki tupu juu ya mfupa wa mtoto? Binti yangu mkubwa aliijaribu kwa wiki moja akalia. Kwa mtu mzima sawa, lakini kwa mtoto ningeanza na vikombe vidogo vyenye silikoni laini. Na miwani isiachwe juani kando ya bwawa, kwa sababu jua na klorini hukausha silikoni ikawa ngumu kama ganda, na ganda halizibi.

Mzee_wa_Ziwa (Bukavu)
Watoto wangu, sisi tulichupa ziwani kutoka kwenye mawe bila miwani yoyote na tuliona vizuri. Mwogeleaji Mmarekani Mark Spitz alipata dhahabu 7 katika Olimpiki ya München mwaka 1972 bila miwani. Kwa nini mtoto asifundishwe kuogelea bila hiyo miwani, akawa huru?

Kocha_Himbi (Goma)
Mzee wetu, shikamoo. Spitz aliogelea bila miwani, ni kweli kabisa. Lakini mtoto wa leo anafanya mazoezi kwenye klorini kwa saa nyingi, na macho yake yanawaka. Hata hivyo wazo lako nalichukua kwa namna nyingine: mara moja kwa wiki nawaogelesha watoto wangu mita 50 miwani ikiwa shingoni kwa makusudi, wahesabu mapigo ya mikono kutoka ukuta hadi ukuta, ili siku ikichomoka wasipaniki.

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Hilo ni muhimu, na lina upande wa kanuni pia. Mbio hazirudiwi kwa sababu miwani yako imetoka. Katika mtindo huru mtoto anaweza kuisukuma kwa mkono mmoja na kuendelea, hata akisimama chini hafutwi, ilimradi asitembee. Katika mitindo ya chura na kipepeo mikono yote miwili lazima iende pamoja, kwa hiyo mkono mmoja ukienda usoni mwamuzi ana haki ya kumfuta. Mwambie binti yako aiache ilipo, hata ikiwa mdomoni, isipokuwa kama inamziba pumzi.

Mzazi_wa_Nguba (Bukavu)
Wapendwa, narudi na habari ya Jumamosi. Tulihamia upande wenye kina, baada ya kuupima kwa fito na kupata mita 1.90. Mama yake alimfumua lile fundo na kumsuka mistari ya kulala. Uso ulioshwa. Miwani ilikuwa mpya, yenye madaraja matatu, na la kati ndilo lililomkaa. Mkanda ulipita juu ya masikio, kofia zilikuwa mbili. Alianza kwa kukaa, akapiga goti, kisha akasimama, na alipokuwa amesimama alichupa mara 8. Miwani ilikaa mara 6. Mara ya tano ilivuja jicho la kushoto, na mara ya nane, akiwa amechoka, ilishuka mpaka puani.

Kocha_Himbi (Goma)
Mara ya nane, kidevu kilikuwa wapi?

Mzazi_wa_Nguba (Bukavu)
Kilichungulia, kocha. Na mara ya pili kilichungulia pia, lakini miwani ilikaa.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Mara ya pili kofia ya juu ilikuwa bado imekaa vizuri. Hadi mara ya nane ilikuwa imepanda, naweza kuapa.

Mwalimu_wa_Fizikia (Bukavu)
Mmebadilisha mambo sita kwa siku moja, kwa hiyo hakuna kati yenu anayeweza kudai ushindi. Papa, Jumamosi ijayo acha yote kama yalivyo isipokuwa kofia ya juu. Ivue, mtoto achupe mara 8, kisha muivae tena achupe mara 8 nyingine baada ya kupumzika, na kila mara andika mambo mawili tu: kidevu na miwani.

Mzazi_wa_Nguba (Bukavu)
Nimeandaa daftari. Mdogo wake ndiye atakayeandika, mimi nitashika simu. Kuhusu kofia ya juu, Fundi, ilikuwa imepanda hadi nusu ya masikio. Nimeiona sasa hivi kwenye video.

Mama_Wawili (Goma)
Na mara ya tano, ile iliyovuja jicho la kushoto tu, mbona hakuna aliyeieleza?